Rangi ya Waridi Mpaka Naivasha

Ya kwanza niliipata Kibuye, Jumapili,
imefungiwa bawaba za mlango na misumari ya kutu.
Oduya alitaka shilingi mia kwa bawaba;
karatasi, alisema, chukua tu, ina madoa.

Madoa! Nilipoikunjua juu ya gunia
nikakuta ziwa limepakwa samawati kwa mkono,
na huku kwetu kote, kutoka Yala hadi Naivasha,
rangi ya waridi: Uganda.

Sasa ninazo kumi na moja.
Zimelala bapa katika droo nilizouziwa
ofisi ya ardhi ilipobadilisha samani,
kati ya magazeti na majani makavu ya mwarobaini,
maana mchwa wa Kajulu hawachagui himaya,
hula waridi, hula manjano,
wakamalizia fremu.
Nereah huzihesabu kwa sauti:
"Hii ni mabati ya jikoni.
Hii ni karo ya Akeyo, muhula mzima."
Sina jibu. Humenya ndizi, hunyamaza.

Lakini Dani Abuor alizaliwa katika ile waridi,
akaolewa katika ile manjano,
na safari yake yote ilikuwa hatua mia nne,
ng'ambo ya kijito, kapu kichwani.
Masafa yaliyobaki nchi ilitembea yenyewe,
kwa wino,
mwaka elfu moja mia tisa na mbili,
yeye akiwa na meno mawili.
Asubuhi yake ng'ombe walikamuliwa kama jana.

Ninayoipenda kuliko zote haina bei.
Mjuzi mmoja wa Nakuru aliikagua kwa lenzi, akacheka:
kijani kimevuja hadi katikati ya Kano,
na pale Nyando inapoingia ziwani
pana chapa ya dole gumba.

Mtu fulani, mbali, katika chumba cha baridi,
akilipwa kwa karatasi, si kwa ekari,
brashi ilimponyoka, akapangusa upesi
kabla msimamizi hajageuka.
Hakujua ni mashamba ya nani ameyapangusa.
Wala hakutaka hata moja.
Waliobaki, kila aliyeweka mkono hapa
alitaka kitu.

Masika yakikolea, redio ikitangaza
kwamba Ahero watu wamelala shuleni tena,
huvuta droo ya tatu,
hukitazama kile kijani kilichoruka kingo zake.
Wapimaji waliuchora mto kwa rula.
Yule aliyekosea
aliuchora unavyokwenda.