Jina Lisilo na Nafasi

Tulikutana Jumamosi kwenye saiba ya Oduya,
watu saba, kompyuta moja,
na feni inayogeuka kwa kusitasita
kama mtu anayeulizwa deni.

Tulitaka anwani mtandaoni, mtaa wetu upatikane
hata na asiyejua njia.
Oduya akasema, kuna masharti:
jina liwe fupi,
na lisiwe na nafasi ndani.
Halkano, muuza maji, akacheka,
"Basi ni kama vyumba vyetu."

Wavinya akataka *sautiyetu*. Oduya akabonyeza.
Limechukuliwa.
Na nani? Haijulikani. Mtu kalinunua akalifungia,
kama ploti iliyozungushiwa mabati
bila tofali hata moja ndani,
akisubiri bei ipande.
Mambo hayo Nairobi hatufundishwi.

Gacheri wa saluni akasema *mtaasafi*.
Lilikuwa wazi, hakuna aliyelitaka.
Mtaro uliokuwa nje ya dirisha
ukatupa sababu kwa harufu.

Barasa akashauri jina la Kiingereza,
refu, la kung'aa, wafadhili watuone.
"Walishatuona," akasema Mwalimu Kerubo.
"Walipiga picha wakaenda."

Ndipo nikasema, na sijui kwa nini nilichelewa:
sisi tunaishi Kwa Ng'endo.
Ukiagiza gesi unasema, lete Kwa Ng'endo, geti la bluu.
Mtoto akipotea, analia hivyo hivyo.
Kaunti ina jina lake kwenye ramani,
herufi mbili na tarakimu nne,
na tangu lipigwe muhuri
hajatokea mtu wa kuliitikia.

Oduya akaandika. Mashine ikakataa.
"Hiki kialama hakiingii," akasema,
"hiki kinachoning'inia hapa juu."
"Ritifaa," akasema Mwalimu.
"Ukiitoa, si yeye. Ng'ombe ni ng'ombe.
*Ngombe* ni nini?"
Tukabishana mpaka muda wa kompyuta ukaisha,
tukachanga shilingi ishirini, tukaendelea kubishana.
Halkano akasema jina lake mwenyewe
limekosewa kwenye kitambulisho mara mbili
na maji bado anauza.
Mwalimu akasema ndiyo maana.

Mwishowe tukampigia Wanjeri, binti wa marehemu,
kule Molo, tukamweka kwenye spika.
Alinyamaza, kisha akacheka kicheko cha mamake,
kile cha kuanzia tumboni.
"Mama hakujua kusoma.
Hicho mnachopigania hakuwahi kukiona.
Mnakumbuka daftari lake la madeni ya uji?
Lote ni picha.
Oduya ni kofia. Halkano ni mkokoteni.
Gacheri, samahani, ni kichwa kikubwa chenye nywele."

Hakuna aliyesema neno.
Miaka yote ile, kila alfajiri,
kwenye kibao chake kando ya transfoma,
mwanamke mmoja alikuwa ametupa majina
nasi tulidhani anahesabu vikombe.

"Andikeni tu," akasema Wanjeri.
Oduya akaandika *kwangendo*, herufi tisa zimeshikana,
bila ritifaa, bila nafasi.
Liko wazi.
Mwalimu Kerubo akageuza uso kama aliye msibani,
lakini hakupinga.

Shilingi elfu moja na mia mbili kwa mwaka,
na kila Machi kulipa tena,
usipolipa linauzwa kwa yeyote.
Watu wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Daftari lenyewe bado ninalo," akaendelea Wanjeri,
nikasikia kurasa zikifunguliwa huko mbali.
"Kuna huyu mwenye miwani.
Ni nani huyo?
Ana vijiti tisa havijakatwa."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati.
Nikatoa simu.
Nikalipa mwaka mzima.