Ndo, Ndo, Ndo

Ndege ya kwenye kompyuta huamka kila siku ikiwa mpya,
rangi mbichi, breki kali,
injini isiyojua kikohozi.
Uiangushe mtoni jana, leo iko uwanjani
inakungoja, haina kinyongo.

Hilo ndilo lililomuudhi Jorūnė.
Ghorofa ya nne, Panevėžys, theluji dirishani,
akafungua daftari la baba yake, fundi Vaidotas,
la enzi za ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya serikali,
mwandiko wa mtu aliyeandika akiwa amesimama:

Saa 412. Oili imepungua nusu lita.
Breki ya kushoto inavuta.
Saa 431. Nusu lita na kidogo.
Saa 440. Rubani anasema hasikii kitu. Mimi nasikia.

Majira yote ya baridi akazigeuza saa zile kuwa hesabu:
ukitua kwa kishindo, tairi likumbuke;
ukiwasha injini kwenye jalidi bila kuipasha,
silinda iandike deni, inyamaze.
Ukizima mashine ukalala,
kutu isilale.

Hakutaka mlipuko. Mlipuko ni mstari mmoja tu.
Chururu si ndo ndo ndo, walisema;
yeye aliitaka hiyo ya pili,
tone lisilomshtua mtu,
sindano ya kipimo isogee unene wa unywele
juma baada ya juma, hadi jicho lizoee
na kuita kosa kawaida.

Mteja mmoja wa Bremen akadai fedha zake:
nimenunua ndege mpya, mbona inazeeka?
Hakumjibu.

Februari akamketisha baba mbele ya usukani.
Mzee akaweka kiganja juu ya spika,
kama mtu apimaye homa ya mtoto,
akaruka chinichini juu ya mashamba meupe,
kimya, kilomita kumi, ishirini.
Kisha: “Silinda ya tano. Vali inaungua.”

Ilikuwa ya tatu.
Aliijua, aliipanga yeye mwenyewe kwa mkono wake.

“Eh, ya tano,” akasema,
akaenda kupasha supu ya bitiruti.
Jikoni akalifungua daftari ukurasa wa mwisho,
na chini ya saa 440 akaandika, akiwa amesimama:

Baba anasema ya tano.

“Unaandika nini huko?”

“Oili,” akasema. “Imepungua kidogo.”