La Sivyo

Saa mbili na robo asubuhi, ghorofa ya kwanza,
Mtaa wa Stesheni, Tabora.
Feni inanung'unika, haipozi kitu.
Kioo cha kompyuta kina vumbi la Julai
nami juu yake nachora mti
uliosimama kichwa chini, matawi yakielekea sakafuni:
kama mteja amejibu, mpeleke kushoto;
kama hajajibu, msubirishe siku tatu;
kama ametaja bei, mpe Hadija wa mauzo;
kama ametaja nyuki kuhama, mpe Lukelesha,
ambaye hagusi simu kabla hajamaliza uji.

Tunauza mizinga. Ya mbao, yenye fremu kumi,
kwa malipo ya mwezi hadi mwezi.
Wateja elfu nne mia mbili na kumi na saba,
Sikonge, Kaliua, Uyui, Ipole,
na kila mmoja kwangu ni namba
inayoanza na sifuri, ikingoja kuonyeshwa njia.

Dirishani, treni iliyotoka Dar inakatwa vipande.
Behewa halijiulizi.
Reli ikilala huku, Kigoma.
Ikilala kule, Mwanza.
Nilipoanza kazi hii nilidhani watu nao hivyo.

Kisha ikaja namba inayoishia mia nne na nane.
Jina: KULWA MIHAMBO. Mizinga sita. Deni: hakuna.
Mfumo ukampeleka kushoto: *Asante, karibu tena.*
Jumatatu jioni akajibu:
*Sijanunua kitu. Mnanishukuru nini?*
Mfumo ukamvusha kulia:
*Hujachelewa, lipia mzinga wako wa kwanza leo.*
Jumanne asubuhi:
*Nimelipa yote, risiti ninayo. Mnanidai nini?*
Ukamrudisha kushoto.
Siku kumi na moja anasukumwa mbele, anavutwa nyuma,
hafiki popote, na hakuna taa nyekundu iliyowaka,
kwa sababu kila jibu lilikuwa sahihi
na kila tawi lilifanya kama nilivyoliamuru.

Nikapiga mwenyewe.
"Nani mwenzangu?"
"Doto."
"Na Kulwa?"
"Kulwa yuko porini, anafukiza mizinga yake.
Simu tunayo moja. Asubuhi yake, jioni yangu,
ila leo kaisahau kwenye chaji.
Mimi bado nangoja hela ya tumbaku,
nikipata nitanunua, msinisukume.
We unaitwa nani?"
"Shija."

Kicheko kikapasua spika.
"Shija! Anayezaliwa akitufuata mapacha!
Unatufuata mgongoni halafu hutujui?"

Sikucheka papo hapo.
Wangu mimi, walionitangulia, wako Urambo,
hadi leo wanagombea baiskeli ya marehemu baba.
Nilikulia nyuma yao, nikisikia
Kulwa anataka hiki, Doto anataka kile,
na swali la tatu likichelewa kuulizwa
mpaka ugali umepoa.

Nikarudi kwenye mti.
Chini kabisa kuna kisanduku
ambacho wote tulikiacha kitupu,
kimeandikwa *la sivyo*.
Nikajaza: la sivyo, mpigie.
Kikauliza: nani ampigie?
Kilitaka jina, hakikukubali "ofisi".
Nikaandika langu.

Sasa wanakuja wanne kwa siku, watano.
Mmoja anauliza kama mzinga unaruhusiwa karibu na makaburi.
Mmoja amebofya mbili akitaka tatu.
Mmoja hakuwa na shida, alitaka kujua
kama huku kuna mtu.
Meneja, Bi Zawena, amezungushia wino gharama za simu
na kuandika pembeni: *Tawi hili linakula.*
Ni kweli. Sijapata cha kumjibu.

Saa kumi na mbili jua limeshuka nyuma ya maghala,
namba ile ya mia nne na nane inaita.
Jina la kiooni sihangaiki kulisoma.
"Nambie, Doto," nasema.
"Tumbaku imelipwa?"