Matundu

Kofia moja, miezi mitatu.
Matundu mangapi sijui, niliacha kuhesabu
mwaka ule ulipoingia sekondari.
Sindano juu, sindano chini, bafta ikakaza,
na jicho langu la kushoto ndilo lililolipa ada yako.

Sasa wanipigia kutoka Binguni saa nne za usiku,
nyuma yako mafriza yananguruma kama paka walioshiba,
waniambia: Mama, nimeshona.
Umeshona nini, Zuwena?
Nimeishonea seli jicho.

Haya. Nieleze kwa Kiswahili cha Wete.

Unasema damu ina wapiga hodi wake,
mlango hadi mlango, usiku na mchana: nani humu?
Akijibu mgeni, wanamtoa.
Lakini saratani si mgeni, na hapo ndipo penye mtihani.
Haikuvunja dirisha. Haikushuka bandarini.
Imezaliwa chumba cha pili, inalijua jina la bibi,
inaitika "karibu" kwa sauti ya nyumba,
nao wanapita zao.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.
Ukanyamaza. Kisha: Ndiyo, Mama. Ndiyo hasa.
Na sauti yako ikawa ya mtu
aliyekisoma kitu miaka tisa, akakikuta jikoni kwao.

Basi mnawateka wapiga hodi wachache,
mnawalaza kwenye joto la kifua,
na kirusi kilichong'olewa meno
kinawaingia na uzi mdomoni.
Tundu moja. Jicho moja.
Halioni kitu duniani ila alama ile
kwenye ngozi ya yule aliyesema karibu.

Na ukikosea tundu?
(Mimi nikikosea nafumua. Bafta husamehe mara mbili,
ya tatu huchanika.)
Hukunijibu pale pale.
Ukanihadithia panya wa Machi:
kumi na wawili, uvimbe ukayeyuka siku ya sita,
mkapiga makofi hadi mlinzi akaja kutazama,
na siku ya nane, homa.
Seli ziliona, zikaitana, zikaitana tena,
zikakoka moto wa kuchomea kunguni
na kitanda kikaungua.
Tisa hawakuamka.
Nikasema inna lillahi, nikajiona mjinga,
nikaisema tena.

Wifi yangu Mboja anajua unachokifanya.
Anashinda hapa barazani, nywele zimekwisha kwa dawa,
na jana aliiokota kofia ya mteja wa Mtambwe
akaivaa. Ikamkaa
kuliko itakavyomkaa mwenyewe.
Tukacheka mpaka akashika ubavu,
kisha hakuuachia.
Akaniambia: "Muulize mwanao.
Hizo seli zikinirudia mwilini, zitakuwa zangu ama zake?"

Nimekuuliza. Ukajibu kwa sauti ya daftari:
damu ni yake, tundu ni letu.
Na kile kinachoona?
Ukasema, hilo sijaulizwa.

Na lini?
Hapo nikasikia mafriza peke yao.
Miaka, ukasema. Panya kwanza, kisha karatasi,
kisha vibali, kisha watu wachache, kisha...
Miaka mingapi, Zuwena?
Mama.

Sikumwambia miaka.
Nimemwambia, anashona.
Akatabasamu na jino lake moja la dhahabu:
"Yule? Yule hata kutunga uzi hajui."
Kweli. Ulikuwa ukiulamba mpaka unafumka ncha,
ukanitupia mapajani, ukakimbilia vitabu.

Umeme wa Tanga umekatika tena, Pemba nzima kiza.
Nawaza friza zenu, kama nanyi mmekatikiwa,
na jenereta, na nani anayekaa nalo usiku.
Mimi sindano naijua kwa kidole.
Nimefika mstari wa nne, na hili nililolitoboa sasa hivi
limekwenda upande.
Nalifumua.

Kesho nipigie, hata kama hakuna la kusema.
Uniambie panya wa Juni wameamkaje.