Siku ya Nne

Barua ya mgeni nimeisoma mara tatu.
Amevuka mabonde ya Himalaya, anasema,
siku ishirini na moja, theluji hadi magotini,
sasa anauliza habari za huku kwetu:
kutoka Isyonje hadi Matema ni kilomita ngapi?

Kilomita sizijui. Najua saa.
Saa ya jua ni saa,
saa ya ukungu ni mbili,
na saa ya mvua ya Februari
mwulize aliyewahi kuitembea.

Daftari liko juu ya gunia la viazi.
Tuntufye, mke wangu, anamenya, mimi naandika.
Siku ya kwanza: polepole.
Mgeni hapewi mlima siku ya kwanza.
Hupewa chai, blanketi mbili,
na usiku mzima wa kuyasikiliza mapafu yake.
"Hata huyu wa Himalaya?"
Hata huyu. Mlima hausomi barua.

Wapagazi watano. Chaula, masufuria na jiko.
Asangwisye, mahema: goti lake la kushoto limechoka
lakini ndiye ajuaye pa kuvukia Numbi maji yakijaa.
Kilo ishirini kila mgongo, isizidi hata moja;
mizani ile ile ya viazi vya Uporoto
itapima mabegi ya wageni
wenyewe wakiwa wanaona.

Siku ya pili, uwanda wa Kitulo,
upepo unaopenya kwenye tundu la kifungo.
Siku ya tatu, Mtorwi: tunaamka saa tisa usiku,
uji kwanza, maneno baadaye,
na atakayeumwa kichwa aseme mapema,
maana jasiri naye hubebwa kwa machela.
Siku ya tano, msitu.
Siku ya sita, ziwa, samaki, miguu majini.

"Umeruka ya nne," anasema bila kuinua kichwa.

Nimeiruka.
Njia ya siku ya nne inapita mteremko wa Lugombo.
Nilikuwa na miaka kumi na saba, jembe la mpini mfupi,
kiroba mgongoni, tochi mdomoni.
Chini ya kila okidi kuna viazi viwili,
kimoja cha mwaka huu, kimeshaanza kunyauka,
kimoja kigumu, cha mwaka ujao.
Mnunuzi wa Tunduma alitaka kile kigumu, cha chikanda.
Sisi tuling'oa vyote, giza halichagui,
debe kwa debe, masika mawili,
mpaka Lugombo ikabaki nyasi.
Kwa fedha ile nilinunua viatu vya ngozi, vya kwanza,
ndivyo nilivyovaa
siku walipokuja kutafuta vijana wa kuongoza wageni.

"Nitawapitisha juu, ukingoni," nasema.
"Ukingoni ni saa tisa za kutembea.
Na goti la Asangwisye?"
Kisu chake kinazunguka, ganda refu halikatiki.
"Wamelipa kuona maua, Tuntufye."
"Watakuwa wameyaona siku mbili nzima."
Ganda linaanguka kwenye beseni.
"Au unamficha nani?"

Kalamu imegoma, naipasha moto kwa pumzi.
Siku ya nne, naandika: Lugombo.
Saa tano kama kuna jua.
Maua hakuna. Nitaeleza kwa nini,
tukishakaa kula, si kabla.

Kisha chini yake, haraka, wino ungali unatoka:
viberiti, chumvi, soksi za akiba,
plasta za malengelenge, kamba ya Numbi,
na mgeni ajibiwe kesho asubuhi
kwamba ni siku sita.