Kimondo wa Tatu

Saa kumi alfajiri, Lone Pine, baridi ya kuuma meno,
Eusebio Arriaga alikoroga chokaa katika kopo la kahawa,
na kwa brashi ya kunyolea ndevu
akalichora paji la farasi asiyekuwa Kimondo
mpaka akawa Kimondo.

Walikuwa watatu. Mabango hayakusema.
Wa kwanza alikuwa wa sura: alisimama, akapigwa picha,
akatikisa shingo kila mwigizaji alipotabasamu.
Wa pili alijua kufungua komeo kwa meno
na kuketi kama mbwa, kwa ujira wa karoti.
Wa tatu hakujua lolote ila kukimbia,
kwa hiyo yeye ndiye aliyeangushwa.

Wahenga walinena: mpanda farasi wawili
hupasuka msamba.
Hawakumwona Buck Tolliver na shati lake la matamvua,
aliyepanda watatu kwa jina moja
akashuka mzima, kofia haijapinda.
Na hata hao hakuwapanda sana.
Saa ya mbio alikuwa kwenye kiti cha turubai, na soda,
na Eusebio, ndani ya shati pacha,
mgongo kwa kamera,
ndiye aliyekuwa Buck.

Filamu nzima kwa siku sita!
Mwamba ule ule ulikuwa Texas Jumatatu,
Alhamisi ukawa Mexico.
Jambazi mmoja alikufa mara nne kabla ya chakula,
akajipangusa vumbi, akaomba chumvi.

Kisha waya.
Mwembamba, usioonekana na kamera,
ncha moja miguuni mwa farasi,
nyingine kwenye gogo lililozikwa mchangani.
Hatua arobaini na mbili. Eusebio alizipima mwenyewe,
ili ajue wapi pa kujitupa.
Farasi hakuambiwa.

Mwongozaji alisema: Safi. Tena.

Eusebio akavua kofia, akaijaza maji ya pipa,
akaliosha paji lile taratibu
mpaka likabaki jekundu, tupu, la farasi wa mtu yeyote.
“Kimondo hayupo,” akasema.
Wakamkata mshahara wa siku mbili.

Wa kwanza alizikwa chini ya jiwe lenye jina.
Wa tatu aliuzwa kwa muuza tufaha wa Bishop,
pamoja na hatamu, dola kumi na nane.

Miaka mingi baadaye, Bakersfield, sebuleni kwa binti yake,
televisheni ilimrudisha, kijivu juu ya kijivu.
“Babu, uko wapi hapo?”
Akaonyesha mgongo.
Mjukuu akasogea hadi pua ikagusa kioo.
“Farasi analia jicho moja.”
“Ni chokaa,” akasema Eusebio. “Ilikuwa joto.”
Midomo yake ikawa inacheza bila sauti:
thelathini na saba, thelathini na nane,
na kwenye arobaini
akainuka, akaenda jikoni
kutafuta kitu ambacho hakukihitaji.