Sikuweka Ng'ombe

Saa nane za usiku, Ng'ong'ona, nyuma ya chuo.
Feni ya kompyuta inakoroma kumshinda jirani.
Narusha molekuli moja ya maji
ndani ya kijumba cha alumini na kaboni
ambacho hakuna aliyekiona kwa macho,
mimi nikiwemo.

Naitupa popote, kwa bahati nasibu,
kisha naiuliza nishati: hapa pana nafuu?
Kubali.
Naichomoa, naitupa kwingine.
Kataa. Kataa. Kataa.
Mara milioni ishirini,
kama mgeni anayebisha hodi mtaa mzima
na mlango mmoja unamwambia: ingia,
ila usivue viatu.

Maana si kufyonza, alisisitiza Mwalimu Masigati
hadi chaki ikamkatikia mkononi.
Sifongo hufyonza. Hii ni kunata,
ngozi kwa ngozi,
kama unga wa uwele unavyobaki kibuyuni
hata ukikikung'uta.
Gramu moja, ukizikunjua kuta zake zote,
yafunika kiwanja cha Jamhuri, goli kwa goli.
Wavulana wa nyuma walicheka.
Mimi niliwaza nani atakifagia.

Mama yuko Chipanga.
Kiangazi mto wao ni barabara ya mchanga,
naye huchimba shimo hadi bega lizame,
akakaa na kata yake.
Hachoti. Anangoja.
Aliniambia nikiwa darasa la tatu:
changarawe ni mfujaji, inakupa yote asubuhi
na mchana haikujui;
mchanga laini ni mchoyo, umeshiba maji
lakini hautoi.
Tafuta wa katikati, Nyemo.

Miaka minane ya vitabu
na bado natafuta wa katikati.
Kijumba cha kwanza kilishika unyevu wote wa usiku
na jua la saa saba halikukibandua.
Cha pili hakikushika kitu.
Cha tatu nilikipanua kitundu kidogo tu,
chini ya unene wa chochote ninachoweza kukitaja,
na leo, kabla jogoo hajawika,
mchoro umelala, umelala,
kisha kwenye unyevu wa asilimia ishirini
umesimama wima kama ngazi.

Sikungoja kupambazuke. Nikampigia.
"Mama, hewa yetu hii kavu ina maji."
"Ndoo ngapi?"
"Kilo nne za unga wake, lita moja kwa siku."
"Umeshausaga?"
"Bado. Nimeuhesabu tu."

Kimya. Nasikia kata ikikwangua mchanga,
maana naye yuko mtoni tayari,
kuwahi kabla ya mifugo.
"Na humo kwenye hesabu," anauliza,
"ng'ombe wanakunywa wapi?"

Naitazama skrini.
Alumini, kaboni, oksijeni, hidrojeni.
Sikuweka ng'ombe.